Kompyuta inayoganda bila taarifa: maswali yenu na majibu

Safari hii barua nyingi zimelalamikia jambo moja: kompyuta ya mezani inaganda ghafla, ikizimwa na kuwashwa inafanya kazi kana kwamba haikuwa na neno, halafu kesho inarudia. Najua inavyochosha, hasa ukiwa na kazi ambayo hujaihifadhi. Nimechagua maswali yaliyotofautiana.

Yangu huganda mara mbili tatu kwa wiki, saa yoyote. Nimeshaweka Windows upya mara mbili na haikusaidia. Nianzie wapi?

Anza na daftari, bisibisi baadaye. Kila inapoganda andika saa, imekaa imewashwa kwa muda gani, ulikuwa unafanya nini, na ni kitu gani kiliendelea kufanya kazi. Hilo la mwisho ndilo lenye habari nyingi kuliko yote, na ndilo watu wanalipoteza kwa kukimbilia kitufe cha kuzimia.

Kabla hujakigusa, bonyeza Caps Lock mara kadhaa huku ukitazama kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika, mfumo bado uko hai. Kilichokwama ni programu, draiva ya grafiki (programu ndogo inayoiendesha kadi ya picha), au diski inayosubiriwa ijibu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kama Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea, itafunguka. Isipofunguka, jaribu kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B: hapo Windows huanzisha upya draiva ya grafiki, skrini inapepesa, na mara nyingine kila kitu ulichokuwa umefungua kinarudi kama kilivyokuwa. Lakini kitaa kisipoitika kabisa, na sauti iliyokuwa ikicheza ikabaki inarudia kipande kimoja kama mlio wa nyuki, mashine nzima imesimama. Mtuhumiwa hapo ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), umeme, joto, kadi ya grafiki, prosesa (ubongo wa kompyuta), au draiva iliyozama ndani kabisa ya mfumo.

Wengi huniandikia kwamba wamefungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, na kukuta Kernel-Power 41, kwa hiyo pawa saplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) imekufa. Sivyo. Tukio hilo linasema tu kwamba Windows ilizimika bila kuagwa, na aliyeizima ni wewe uliposhikilia kitufe. Soma yaliyoandikwa dakika chache kabla yake. Afadhali zaidi, bonyeza Windows na R, uandike perfmon /rel. Utaletewa kalenda ya matatizo siku kwa siku, na mara nyingi utaona yalianza siku ileile draiva au programu fulani iliposasishwa. Kuweka Windows upya hakusaidii ikiwa baadaye unarudisha draiva ileile.

Kisha badilisha kitu kimoja tu, usubiri. Mashine inayoganda kila baada ya siku mbili ipe angalau wiki nzima kabla ya kusema imepona. Niliwahi kubadilisha RAM na pawa saplai siku moja kwa mteja aliyekuwa na haraka. Mashine ikatulia, nami nikaamini pawa saplai ndiyo iliyokuwa mbovu. Ile RAM nikaiweka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na yeye akaanza kupoteza kazi zake. Kosa hilo bado linaniuma, na tangu hapo siunganishi hatua mbili hata mteja anihimize vipi.

Inaganda dakika ishirini hivi baada ya kuanza mchezo au kuhariri video. Feni ya prosesa inazunguka vizuri, nimeihakiki.

Feni kuzunguka ni jambo moja, hewa kupita ni jambo jingine. Vumbi halikai juu ya feni unapoliona. Linajipanga chini yake, kati ya feni na mapezi ya kipoozeo. Nimewahi kufungua feni iliyokuwa safi kwa juu, nikakuta chini vumbi limeshonana kama kipande cha blanketi. Nililibandua kwa kucha likatoka zima, na upande wake wa chini mistari ya mapezi ilikuwa imechapwa mmoja mmoja.

Zima, chomoa plagi, kisha safisha kwa hewa ya kupuliza. Unapopuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana kuzungushwa kwa kasi kupita kiasi huharibu beringi. Ikiwa kipoozeo hakijawahi kutolewa kwa miaka mingi, pesti iliyo kati yake na prosesa huenda imekauka. Ifute kwa spiriti ya isopropili na uweke mpya, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati.

Halafu pima, usikisie. Programu ya bure kama HWiNFO inaonyesha joto la kila kiungo. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zenyewe zikifika kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo joto la prosesa peke yake kwa kawaida hukuletea kompyuta inayokokota, au inayozimika ghafla, kabla ya kukuletea inayoganda. Ukiona joto liko nyuzi 70 na bado inaganda, geukia umeme na kadi ya grafiki. Ipe prosesa kazi nzito peke yake kwa nusu saa, kisha kadi peke yake, kisha zote mbili kwa pamoja. Ikianguka kwenye jaribio la tatu tu, mimi ningeanza na pawa saplai.

Nimepima RAM kwa kipimo cha Windows, kikasema hakuna tatizo. Je, niiondoe kwenye orodha ya washukiwa?

Bado. Kipimo kile ni kifupi, na RAM yenye kasoro ndogo hukipita. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, washa kompyuta kutoka humo, uiache usiku kucha imalize angalau mizunguko minne. Kosa moja tu linatosha. RAM nzima haitoi hata moja.

Likitokea kosa, usiitupe RAM papo hapo. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows) uangalie kama XMP au EXPO, mpangilio wa kuiongezea RAM kasi, imewashwa. RAM inayouzwa kwa kasi ya 3600 hufikia kasi hiyo kwa kusukumwa na mpangilio huo. Ukiuzima, RAM ya aina ya DDR4 hurudi kwenye 2133 au 2400 hivi. Ikitulia hapo, vipande vyako huenda ni vizima, ila mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) au prosesa haiimudu kasi ile. Ikiendelea kukosea, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti (tundu la RAM) ileile, kisha kipande kimoja kizima kwenye sloti zote. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye sloti, sloti ndiyo mbovu. Na ukiwa na vipande viwili kwenye mazabodi ya sloti nne, kwa kawaida mahali pake ni sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimeona mashine zilizoteseka miaka kwa sababu hiyo tu.

Kipanya kinasogea, lakini nikibofya hakuna kinachotokea kwa nusu dakika. Halafu yote niliyobofya yanafunguka kwa mpigo.

Dada, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nakili faili zako muhimu kwenye diski nyingine. Fanya hivyo kwanza.

Hiyo ni dalili ya diski. Mfumo unaomba data, diski hainyanyui kichwa, mfumo unangoja, mwishowe unaanzisha upya mawasiliano na mambo yote yaliyopanga foleni yanapita pamoja. Kwenye Event Viewer, upande wa System, tafuta namba 7, 129 na 153. Ya kwanza inasema kuna eneo bovu kwenye diski, ya pili kwamba mfumo ulilazimika kuanzisha upya kifaa, ya tatu kwamba ombi lilirudiwa.

Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Ikiwa ni diski ya kuzunguka, tazama mistari 05, C5 na C6. Thamani ghafi za hiyo mitatu zinatakiwa kuwa sifuri. C5 ikipanda wiki hadi wiki, diski inakufa na haitibiki, inunulie mrithi. Ikiwa kinachopanda ni C7 pekee, furahi kidogo: hayo ni makosa ya usafirishaji, na mara nyingi chanzo ni kebo ya SATA iliyolegea au iliyokunjwa. Badilisha kebo, usubiri uone kama namba inasimama.

SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, nayo ikijazwa hadi ukingoni huanza kusuasua hivyohivyo. Iachie sehemu moja kati ya kumi, au zaidi, ikiwa wazi.

Yangu ni kinyume cha wengine: nikiitumia sana haina shida, nikiiacha imetulia naikuta imeganda. Natumia Linux, prosesa ni Ryzen ya kizazi cha kwanza.

Umenirahisishia kazi kwa kutaja prosesa. Ryzen za 2017 zilijulikana kwa hilo hasa kwenye Linux: zikikosa kazi hulala usingizi mzito, matumizi ya umeme yanashuka sana, na haziamki. Ingia BIOS, tafuta Power Supply Idle Control, uiweke kwenye Typical Current Idle. Kama haionekani, sasisha BIOS kwanza.

Ikiganda tena, jaribu kushika Alt na Print Screen, kisha bonyeza R, E, I, S, U, B moja baada ya nyingine, taratibu. Ikiwa kiini cha mfumo kinapumua na njia hiyo haijafungwa kwenye mipangilio, kitahifadhi data na kuwasha upya salama. Baada ya hapo soma kumbukumbu za safari iliyopita kwa journalctl -b -1 -e.

Wenye Windows wenye dalili hii waende kwenye mipangilio ya juu ya umeme, wazime Link State Power Management ya PCI Express, waone siku chache.

Si virusi hivi?

Mara chache sana. Virusi vya siku hizi vinataka kompyuta yako ifanye kazi, kwa faida yao. Kinachoweza kuikwamisha kweli ni programu mbili za kuzuia virusi zilizowekwa pamoja, maana kila moja huingilia kila faili inayofunguliwa. Baki na moja. Na ukitaka kuikata shaka, washa kompyuta kwa fleshi yenye Linux, uitumie hivyo siku nzima bila kugusa diski. Ikiganda hata humo, hakuna kirusi cha Windows kinachohusika.

Nimeambiwa nibadilishe betri ndogo ya mazabodi.

Ibadilishe ikiwa saa na tarehe hurudi nyuma kila ukichomoa umeme. Ni CR2032, ya volti 3. Kuganda haisababishi, isipokuwa BIOS iwe inasahau mpangilio ambao ndio uliokuwa ukiituliza mashine.

Prosesa yangu ni Intel ya kizazi cha 13. Ni kweli zina kasoro?

Ni kweli, na Intel yenyewe ilikiri. Julai 2024 ilieleza kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volteji kubwa kuliko inavyofaa kwa sababu ya kosa kwenye maikrokodi, maelekezo ya ndani ya prosesa. Marekebisho yalitoka Agosti, yakiitwa 0x129, na Septemba, 0x12B. Dhamana ya prosesa zilizohusika nayo iliongezwa miaka miwili. Dalili inayonishtua zaidi ni mchezo kukataa kufunguka ukidai kumbukumbu ya grafiki imeisha, ilhali ipo tele, au faili kubwa iliyobanwa kushindwa kufunguka bila sababu.

Sasisha BIOS, lakini sikiliza: usiifanyie kazi hiyo ndani ya Windows kwenye mashine inayoganda. Ikikwama katikati, mazabodi inaweza isiwake tena. Rudisha RAM kwenye kasi ya kawaida, ingia BIOS, usasishe kutoka humohumo kwa fleshi. Na marekebisho hayo huzuia tu. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi. Ikiendelea kuanguka baada ya kusasishwa, dai dhamana.

Fundi amesema mazabodi imekufa, ninunue kompyuta nyingine. Nimwamini?

Muulize amejuaje. Mazabodi huhukumiwa ya mwisho, baada ya wengine wote kuachiwa huru. Mwombe aivue mashine ibaki na kipande kimoja cha RAM kilichopimwa, bila diski, bila kadi ya grafiki kama prosesa ina grafiki yake, na kitu pekee kwenye USB kiwe kibodi, kipanya na fleshi ya Linux. Aazime pawa saplai nzima kutoka mashine nyingine. Kama ana mita, apime waya wa volti 12 mashine ikiwa kazini: chini ya 11.4 au juu ya 12.6 haukubaliki.

Wakati kasha liko wazi, chukua tochi umulike kapasita, vile vimkebe vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Vyenye mkato wa msalaba kichwani vinatakiwa kuwa bapa kabisa. Kilichovimba juu, au chenye ukoko wa kahawia chini yake, kimekufa, na fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anaweza kukibadilisha.

Ikivuliwa hivyo na bado ikaganda, fundi wako yuko sahihi: kimebaki mazabodi au prosesa, na prosesa hufa mara chache zaidi. Hata hapo usinunue kompyuta nzima. Kasha, diski, pawa saplai iliyopita kipimo, pengine hata RAM, vyote bado ni vyako na vitahamia kwenye mazabodi mpya.