Wadogo zangu wa mazingaombwe, jana si leo

Juzi nilisimama nyuma ya pazia, kijana mmoja akapita mbio na sanduku lake la sakafu mbili. Nikamuuliza kama amelikagua. "Kaka, si jana lilifanya kazi?" Nikashika kichwa. Nawapenda, lakini mtaniua kwa presha. Haya, someni.

1. Anza kwa kubeba vifaa. William Ellsworth Robinson, Mmarekani aliyezaliwa 1861, alitumika miaka mingi nyuma ya jukwaa la Harry Kellar na la Alexander Herrmann, wanamazingaombwe wakubwa wa enzi zile. Ninyi mwezi wa kwanza tu mnataka bango.

2. Ukiingia kwenye uhusika, usitoke. Mwaka 1900 Robinson akajigeuza Mchina, Chung Ling Soo, akaiga kazi ya Ching Ling Foo, mwanamazingaombwe Mchina wa kweli. Hata waandishi wa habari alizungumza nao kupitia mkalimani. Nidhamu hiyo ichukueni. Kujivika taifa la watu mwachieni mwenyewe.

3. Kifaa kinachofanya kazi kila siku ndicho cha kuogopwa. Soo alikuwa "akidaka" risasi kwa sahani. Siri ilishatoka kwenye uchunguzi wa kifo chake, kwa hiyo simwagi mtama. Watazamaji walitia alama risasi, zikabadilishwa kijanja, kisha nyingine zikashindiliwa kwenye magobori. Chini ya mtutu kuna bomba la kuwekea fimbo ya kushindilia. Njia ya moto kwenda mtutuni ilizibwa, cheche ikapelekwa kwenye bomba lile lenye baruti tupu. Mlio unasikika, moshi unatoka, risasi imelala palepale mtutuni.

Sasa tatizo ni kuitoa. Ingeweza kufyatuliwa mahali salama, lakini huko ni kupoteza baruti. Basi baada ya onyesho kitako cha mtutu, yaani mwisho wake wa nyuma, kilifunguliwa skrubu, risasi na baruti zikatolewa, kikafungwa. Kesho tena. Miaka inaenda, nyuzi za skrubu zinalika, na unga wa baruti unapenya kidogo kidogo pasipoonekana. Tarehe 23 Machi 1918, ukumbi wa Wood Green Empire, London, cheche ikapata njia. Risasi ikampiga kifuani. "Mchina" akaomba kwa Kiingereza pazia lishushwe. Kesho yake akafariki.

Na msiseme bunduki ilitelekezwa. Ilishikwa kila usiku! Kule kuifungua na kuifunga ndiko kulikoimaliza. Kwa hiyo bawaba, lachi na skrubu mnazozigusa kila onyesho zimulikeni tochi, pitisheni kucha kwenye nyuzi. Ikicheza, tupa. Bei ya skrubu mnaijua.

4. Kubalianeni neno la dharura na mshusha pazia. Likitamkwa, hakuna kuuliza.

5. Betri za maikrofoni ziwe mpya.

6. Msaidizi wako alipwe kabla hujaanza kupiga picha na mashabiki.