Maswali yenu: kupoza inveta, transfoma na amplifaya kwa kimiminika, bila feni wala pampu

Kaskazi imeingia, joto limepanda, na maswali mengi mliyotuma yanaenda palepale: feni zinakufa haraka huku pwani kwa chumvi na vumbi, sasa je mtu anaweza kupoza vifaa vinavyokula umeme mwingi kwa mafuta au maji tu, bila kitu kinachozunguka? Anaweza, na njia yenyewe ya zamani sana, ila ina masharti na watu wengi wanayaruka. Naanza na la Shangani maana ndo limebeba mengine.

Nina inveta ya sola ya kilowati 5, feni imekufa mara ya pili. Fundi anasema tuzamishe bodi kwenye ndoo ya mafuta ya transfoma tuachane na feni kabisa. Nikubali? (Shangani, Mtwara)

Kaka usikubali. Fundi wako ana haki kwenye kitu kimoja, mafuta ya transfoma hayapitishi umeme na yanachukua joto vizuri kuliko hewa. Shida iko kwenye hesabu. Inveta ikiingiza wati 5,000 na asilimia 7 ikapotea njiani, hizo ni wati 350 za joto tupu, na zinatoka muda wote mzigo ukiwepo. Ndoo ya lita 20 ya mafuta ukiipa wati 350 inapanda nyuzi 30 ndani ya dakika 45 hadi 50 hivi, ukiacha joto kidogo linalotoka kupitia kuta za ndoo, sasa anza na nyuzi 32 za mchana wa Mtwara uone, saa moja haijaisha uko kwenye 60 na bado inapanda.

Mafuta hayalimalizi joto, yanalihamisha tu. Mwisho wa safari lazima liingie hewani, na hewa isiyosukumwa na feni inachukua kidogo mno, mita moja ya mraba ya bati lililozidi hewa kwa nyuzi 30 inatoa wati kama 300 tu. Kwahiyo kabla ya kuuliza mafuta gani, uliza bati liko wapi. Unahitaji zaidi ya mita moja ya mraba ya chuma, mapezi yamesimama wima, kivulini, hewa iingie chini itokee juu. Ukishakuwa na hilo ndo kimiminika kinakuwa na kazi, kinatoa joto kwenye mosfeti ndogondogo (zile swichi za umeme kwenye bodi) kinalipeleka kwenye bati pana. Bila hilo umenunua dakika 45.

Af mafuta yenyewe yana mambo yake, waya wa PVC hukakamaa, baadhi ya mipira huvimba, mafuta hupanda ndani ya waya wa nyuzi nyingi yakaja kudondoka nje ya kasha, na yanashika moto. Ushauri wangu: ihamishe inveta kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, piga brashi hitisinki (lile bati la mapezi linalotoa joto), weka feni iliyofungwa isiingie maji, na siku ukinunua nyingine tafuta ile isiyo na feni kabisa yenye mapezi makubwa nyuma, zipo za kilowati kadhaa, bei imechangamka lakini kwa hewa yetu hii inalipa.

Mbona transfoma ya nguzoni inapigwa jua miaka na miaka na haina feni? (Mzee mstaafu, Newala)

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali zuri kuliko yote. Ndani ya lile tangi kuna mafuta, koili zikipata moto mafuta yaliyo karibu nazo yanakuwa mepesi yanapanda juu, yanaingia kwenye yale mabomba au mapezi ya pembeni, yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka, yanarudi chini ya koili. Mzunguko hauishi na hakuna pampu, kinachosukuma ni tofauti ya uzito tu. Ndo maana sehemu ya kupozea inatakiwa iwe juu ya sehemu ya moto, au angalau ianze juu yake. Mtu akitengeneza mfumo wa namna hii halafu radieta akaiweka chini, mafuta ya moto yatakaa juu palepale na kitu kitaungua.

Mafuta hayo ni kinga ya umeme pia, sio ya joto tu. Kwahiyo wanaoyaiba wanaunguza transfoma na kijiji kizima kinalala giza. Na jamani nasema kwa uchungu, mafuta hayo yasikaribie jiko. Transfoma za zamani nyingine zilijazwa kemikali za PCB, sumu inayokaa mwilini miaka mingi, dunia imekubaliana kuziondoa kwenye mkataba wa Stockholm wa 2001. Hata yasiyo na PCB sio chakula.

Nimefungua laptopu nimekuta vibomba vya shaba vimebanwa bapa. Ndani kuna nini, naweza kuongeza maji? (Mwanafunzi, Lindi mjini)

Usivitoboe mdogo wangu! Hivyo vinaitwa heat pipe, vibomba vya kuhamisha joto, ndani kuna matone machache ya maji na hewa imenyonywa. Presha ikishuka mpaka karibu asilimia 4 ya ile ya kawaida maji yanachemka kwenye nyuzi 30 hivi badala ya 100. Upande wa prosesa, ile chipu kuu ya laptopu, maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena, na maji yanarudi kwa kunyonywa na utambi uliobandikwa ukutani kwa ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Nguvu yake iko kwenye kuchemka: kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi 10 ni kilojuli 42, kuigeuza yote mvuke ni karibu 2,260. Zaidi ya mara 50, kwa maji yaleyale.

George Grover wa maabara ya Los Alamos kule Marekani ndo aliyekipa kifaa hiki umaarufu mwaka 1963, na kwa sababu utambi hauhitaji mvutano wa dunia, kinafanya kazi mpaka kwenye setilaiti. Duniani bado kinapenda upande wa moto uwe chini. Ukitoboa, hewa inaingia, kimekufa. Laptopu yako ikichemka badili pesti ya joto na toa vumbi, mara nyingi tatizo liko hapo.

Huku korosho ni nyingi, mafuta ya ganda hayafai kupozea? Au ya nazi? (Masasi)

Ya ganda hapana kabisa. Wanaobangua wanajua yanavyobabua mikono, ni asidi, na yakipata joto yanagandamana, ndo maana viwanda vinayapenda kwenye rangi na breki. Ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi, usiku wa Julai kule juu Newala yatakuwa mgando na mgando hauzunguki, halafu yanaoza kwa hewa. Mafuta ya mimea yapo kwenye transfoma, ya soya, na yanavumilia joto la zaidi ya nyuzi 300 kabla ya kushika moto, ila yamesafishwa, yametiwa dawa na tangi limefungwa.

Niko Mikindani, bahari hii hapa. Nipitishe bomba? (Mikindani)

Maji ya chumvi yasiguse shaba wala alumini yako. Hapana.

Amplifaya yangu ya harusi inajizima saa saba usiku. Nitumbukize transista kwenye mafuta? (Lindi)

Ukumbi una watu, mafuta ya moto yakimwagika ni hatari, achana nayo. Kama ni ya mtindo wa zamani, daraja AB, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto hata mziki ukiwa wa wastani. Kwanza ifungue, angalia kama ile karatasi ya mika (inayozuia umeme) kati ya transista na hitisinki bado nzima na pesti haijakauka, kaza skrubu, hakikisha transista hazigusani na chuma moja kwa moja. Kama bado inajizima, weka akiba ununue ya daraja D, inatumia karibu asilimia 90 ya umeme kwenye spika, joto linalobaki hitisinki ndogo inalimudu mpaka asubuhi.