Nondo wadogo: picha haitoshi
Watu wanauliza kama picha inatosha kutaja spishi ya nondo wadogo wa kijivu, wale wadudu wanaofanana na vipepeo. Hapana, kwa picha ya mabawa tu huwezi, hata iwe safi vipi. Wengi ni wa milimita chache, magamba yanapukutika kama vumbi ukiwagusa, akizeeka rangi inafifia, na unakuta spishi tatu zinafanana kama mapacha. Wanaowaainisha wanaangalia viungo vya uzazi: tumbo linakatwa, linapashwa moto kwenye potashi kali mpaka nyama iyeyuke, zinabaki sehemu ngumu za viungo hivyo tu, zinasafishwa kwa brashi na kubanwa kwenye kioo cha hadubini. Hapo ndo unaona dume huyu ana kikulabu na yule hana. Nimeshafanya hiyo kazi kwa mkono wangu, tumbo lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele, likiruka kutoka kwenye kibanio usahau 😅

DNA inasaidia sana siku hizi, kile kipande cha jeni iitwayo COI chenye herufi 658 za DNA, kinachotumika kutofautisha spishi, ila ukishakipata bado unatakiwa ulinganishe na kielelezo kilichotumika kuipa spishi jina, na vingine viko makumbusho tangu karne ya 19, vimebaki bawa moja na nusu.

Afadhali wale ambao viwavi wao wanatoboa handaki ndani ya jani, hao mara nyingi aina ya mmea na umbo la handaki vinakusogeza karibu na jibu, kwa hiyo ukikuta kiwavi wa hivyo, piga picha na jani lake.