Mama kasimamishwa siku ya pili, je, hawakumharakisha?

SWALI: Mama yangu ana miaka 69. Goti lake la kushoto lilikuwa limesagika kabisa, akawekewa goti bandia. Kesho yake, hata saa nne asubuhi haijafika, wauguzi wawili walimsimamisha na kumtembeza hadi mlangoni huku machozi yanamtoka. Nilikasirika nikawatolea maneno ambayo sasa yananitia haya. Leo ni siku ya 8, yuko nyumbani. Mguu umevimba hadi kifundoni na kitandani hataki kutoka. Nimemwekea mto chini ya goti angalau apate raha. Je, hawakumharakisha? Na nimwache apumzike mpaka uvimbe uishe?

JIBU: Mwanangu, kwanza kautoe huo mto. Nenda sasa hivi, kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Nimeanza na mto kwa sababu hata mimi ulinihadaa. Nimewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo kwa miaka 31, lakini nilipobadilishiwa goti langu mwenyewe, usiku wa tatu nilimnong'oneza mwanangu anisogezee mto. Raha yake haisemeki! Goti lililovimba hupenda kukaa limekunjika kidogo. Tatizo ni kwamba likizoea hivyo, kovu la ndani hukaza, na baadaye mguu haunyooki. Mguu usionyooka huchechemea hata kama goti bandia lenyewe ni zima kabisa. Asubuhi alikuja kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Hata salamu hakutoa; aliuchomoa mto akauweka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia, linanyooshwa na uzito wake lenyewe. Zile dakika kumi nilizimaliza kwa kuuma meno. Mfanyie mama hivyohivyo, dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku.

Sasa wauguzi wako. Hawakukosea. Goti bandia mara nyingi hushikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu, nayo huwa ngumu mgonjwa akiwa bado mezani. Mama alipoamka, goti lilikuwa tayari kumbeba. Kinachomuuma ni nyama na ngozi zilizokatwa na kuvutwa, nazo hazichaniki kwa kutembea hadi mlangoni. Kulala ndiko kunakonitisha mimi: damu ikituama kwenye kigimbi huganda, na bonge likichomoka huweza kupanda hadi mapafuni. Kila hatua aliyopiga, kigimbi kilikuwa kinaisukuma damu irudi juu. Kitu ambacho kingenikasirisha ni kama wangemwacha asimame peke yake, maana ganzi isipoisha vizuri paja hulegea na goti hujikunja ghafla. Walikuwa wawili. Walijua kazi yao.

Uvimbe usiusubiri. Wiki hizi mbili za mwanzo ndipo unapokuwa mkubwa, na mabaki yake yanaweza kukaa miezi 3 hadi 6. Ukingoja uishe ndipo atembee, utakuwa na mama mwenye goti jipya na mguu wa ubao.

Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, ngoja nusu saa hivi, ndipo umwamshe. Fremu ya kutembelea itangulie, ufuate mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Kisigino kiguse sakafu kwanza. Wengi hutembea kwa ncha za vidole wakiogopa kunyoosha goti, na hapo ndipo mwendo mbaya unapozaliwa. Safari ziwe fupi lakini nyingi, za chooni na kurudi zinatosha kwa sasa. Akirudi alale, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, kisigino kikiwa juu ya mito, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa ikae gotini dakika 15 hadi 20. Akiwa kitini, aweke kitambaa chini ya wayo na autelezeshe nyuma taratibu mpaka goti ligome, ahesabu hadi tano, aurudishe. Atakapohamia kwenye fimbo, aishike mkono wa kulia, upande wa mguu mzima. Najua inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo.

Kama kuna ngazi, kupanda mguu mzima hutangulia, kushuka hutangulia ule wa goti jipya.

Lakini kigimbi kikianza kuuma na kuvimba zaidi ya ulivyozoea, mazoezi yasimame na daktari amwone siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mshono ukitoa usaha, au homa ikipanda. Akikosa pumzi au kifua kikimchoma, ni hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku wa manane. Na dawa ya kuzuia damu kuganda, kama alipewa, asiikatishe kwa sababu anajisikia vizuri.

Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Siku hiyo mpitishe mama wodini kwa fremu yake, awasalimie wale wawili. Wewe simama nyuma yake, radhi utaiomba ukifika.