Maswali na majibu: filamu za ukumbini na za sebuleni

Barua zilizofika safari hii karibu zote zinahusu filamu, na wengi wa walioziandika wanauliza, kila mmoja kwa namna yake, kama walichokitazama ndicho hicho walichokitazama wengine. Nimejibu zile zinazohusu filamu nilizozitazama mwenyewe, iwe ukumbini au nyumbani, na nyingine nimeziweka kando.

Rafiki zangu walioitazama Sinners katika ukumbi wa sinema Dar es Salaam hawaishi kuisifu. Mimi niliitazama kwenye kompyuta mpakato nikaiona ni filamu ya kutisha ya kawaida, yenye damu nyingi na mwanzo unaojikokota. Je, kweli tumetazama filamu moja? (Msomaji, Morogoro)

Jina ni moja, ndugu yangu, lakini mlichopata si kimoja. Mimi nimeitazama kotekote, ukumbini ilipotoka mwaka 2025 na baadaye sebuleni kwangu, na nasimama upande wa rafiki zako, ingawa lawama yako juu ya mwanzo nayo ina msingi. Mwongozaji Ryan Coogler hana haraka hata kidogo ya kutuletea hao wanyonya damu. Kwanza anatukusanyia watu wa Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932: mapacha Smoke na Stack, wote wawili wakiigizwa na Michael B. Jordan, wamerudi kutoka Chicago na fedha ambazo hakuna anayethubutu kuuliza zilikotoka, wananunua kiwanda cha mbao kilichoachwa wakigeuze ukumbi wa muziki, kisha wanazunguka mjini kumtafuta mpiga piano, mpishi wa samaki, wa kuwaandikia bango na wa kusimama mlangoni. Nyumbani, sehemu hiyo ndiyo inayoliwa na simu. Mtu anajibu ujumbe, anakwenda kuepua chungu jikoni, akirudi anakuta watu wanauana na hajui ni akina nani, kwa hiyo vifo vyao havimgusi.

Halafu kuna onyesho la Sammie, kijana wa mchungaji, anapoimba usiku wa ufunguzi. Kamera inazunguka ndani ya ukumbi ule, na katikati ya wachezaji wa mwaka 1932 wanaingia wapiga ngoma wa Afrika Magharibi, mpiga gitaa la umeme, DJ na santuri zake, hata wachezaji wa opera ya Kichina kwa heshima ya Wachina wenye duka mjini walioalikwa, mpaka paa lenyewe linaonekana kuwaka. Kwenye spika za kompyuta mpakato ngoma zile zinasikika kama mtu anayegonga meza katika chumba cha pili. Ukumbini zinaingia kifuani, na ndipo unapoelewa kwa nini viumbe walio nje wanautamani muziki huo kiasi cha kuua. Autumn Durald Arkapaw, aliyeipiga picha filamu hii, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga filamu ya hadithi kwa mkanda mpana wa IMAX, ule wa skrini kubwa mno, na upana huo, hata ukionyeshwa katika ukumbi usio na mitambo ya IMAX, haukukusudiwa skrini ya kuwekwa mapajani.

Jambo la pili ni watazamaji wenyewe. Wanyonya damu wa filamu hii hawawezi kuvuka kizingiti wasipokaribishwa, kwa hiyo wanasimama mlangoni na kuomba kwa adabu, wakiimba na kutabasamu. Mbele ya watu waliolelewa kwa hodi na karibu, na waliotishwa utotoni kwa habari za mumiani, onyesho hilo lina uzito ambao sidhani mwongozaji aliutarajia. Mstari wa nyuma yangu mama mmoja alisema kwa sauti, "Msimkaribishe huyo!" na ukumbi mzima ukacheka, kisha ukanyamaza kwa pamoja mlango ulipofunguliwa. Kichekesho hicho na ukimya ule nilivikosa kabisa nilipoitazama nyumbani.

Nakubaliana nawe kuhusu kitu kimoja zaidi. Mapigano ya usiku yamekwisha upesi mno kwa filamu iliyotumia muda mrefu namna ile kuwajenga wahusika wake, na mmoja au wawili kati yao wanaondoka bila kuagwa ipasavyo.

Mimi niliiona Sinners ukumbini, nikatoka mara majina yalipoanza kupita. Naambiwa nimekosa kitu. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Ni kweli, na ulichokosa ni sehemu ya hadithi yenyewe, wala si kionjo cha kutangaza filamu ijayo. Baada ya majina ya mwanzo hadithi inarukia Chicago ya mwaka 1992, na Sammie aliyezeeka anaigizwa na Buddy Guy, mpiga gitaa wa blues ambaye kwa kweli alitoka Kusini mwa Marekani akapata jina Chicago. Wanaomtembelea usiku huo sitawataja. Nyumbani unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sehemu hiyo, na ukingoja mpaka majina yaishe kabisa utapata wimbo mmoja mfupi wa nyongeza.

Watoto wangu hawataki kutazama filamu yoyote ya mapigano isipokuwa ile iliyotiwa maneno na DJ. Kwangu mimi huo ni uharibifu wa kazi ya watu. Unasemaje? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, hapa tutatofautiana kidogo. Kazi ya kuhadithia filamu ya kigeni kwa Kiswahili ina mabingwa wake: Tanzania alikuwapo Lufufu, ambaye sauti yake ilijulikana katika vibanda umiza kuliko sura yake, na Kenya yupo DJ Afro, ambaye nina hakika ndiye anayesikika sebuleni kwako. Hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanapunguza sauti ya asili, wanawapa wahusika majina ya mtaani, wanatangulia kutuambia adui anapanga nini, wanamtania steringi anapopigwa, na pale wazungumzaji wanapokaa kimya wao hawakai. Kwa filamu ya karate iliyotafsiriwa vibaya kwa Kiingereza kutoka Kichina, naona wanaongeza kuliko wanavyopunguza, kwa sababu maneno ya asili yalikuwa machache na hafifu, na msimulizi anayeijua hadhira yake anaifanya iwe hadithi ya jioni.

Ndiyo maana filamu ya Kenya Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, inaanza mahali sahihi. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu katika diski, hamshawishi mteja kwa kumwonyesha jalada. Anamwigizia, anatoa mlio wa bunduki kwa mdomo, anaanguka na kuinuka. Uigizaji wake wote uliofuata mjini Nairobi, ukumbini na katika kundi la wezi, umeota hapo. Mwongozaji wake, Tosh Gitonga, anaonyesha kwamba kwa vijana wengi wa kwetu shule ya kwanza ya uigizaji ilikuwa filamu iliyosimuliwa na mtu mwingine.

Pale unapokuwa na haki ni penye filamu tulivu. Nimewahi kusikia filamu ya msiba ikisimuliwa hivyo, na mama wa marehemu alipokaa kitandani bila kusema neno, DJ alijaza ukimya ule kwa salamu za mashabiki wake. Hapo kazi ya mwongozaji, ya mwigizaji na ya mhariri ilitupwa kwa mkupuo mmoja. Liko pia suala la hakimiliki, kwa maana nakala nyingi za aina hii husambazwa bila ruhusa ya wenye kazi, na hilo halitetewi kwa uhodari wa msimulizi. Ningekushauri uwaachie watoto zile za mapigano, kisha siku moja muitazame moja kati ya hizo kwa sauti yake ya asili, muone wenyewe DJ aliongeza nini.

Nilisoma Vuta N'kuvute shuleni na nikaipenda mno. Filamu yake imeniacha na njaa. Je, tatizo ni langu? (Msomaji, Tanga)

Njaa hiyo naijua. Riwaya ya Adam Shafi ina watu wengi na ina utani: Yasmin aliyeozwa kwa Raza, mzee mwenye duka, Mwajuma na nyumba yake isiyokosa wageni, Denge na wenzake, Bukheti, Koplo Matata anayejiona mkubwa kuliko cheo chake. Filamu ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ina muda wa saa moja na nusu hivi, na imechagua kuwashikilia Yasmin na Denge. Kwa hiyo ulichokikosa kimeachwa kwa makusudi, na nadhani uchaguzi huo umelipa mahali pamoja na kugharimu mahali pengine.

Umelipa katika picha. Unguja ya usiku, vichochoro, vitambaa, mvua na nyuso zinazowaka kwa taa ndogo, vimepigwa kwa uangalifu ambao filamu zetu hazikuuzoea, na mapenzi ya wawili hawa yanaelezwa zaidi kwa macho kuliko kwa maneno. Umegharimu katika siasa: wenzake Denge hawapewi muda wa kutosha kuwa watu mbalimbali, hivyo mapambano dhidi ya Waingereza yanakuwa kama mandhari ya penzi, wakati kwenye riwaya ndiyo uti wa mgongo. Kicheko cha Mwajuma nacho kimepungua. Hata hivyo, kusikia Kiswahili cha Unguja kikizungumzwa bila kuharakishwa, katika ukumbi uliojaa watu wanaokielewa, ni raha ambayo sikuipata nilipoirudia peke yangu nyumbani. Ukiipata katika tamasha, kama lile la Zanzibar linalofanyika Ngome Kongwe, nenda kaitazame upya.

Mama yangu haoni vizuri maandishi ya chini ya picha na hajui Kiingereza. Tunapenda kukaa pamoja jioni. Tutazame nini? (Msomaji, Mwanza)

Tafuteni Flow, filamu ya katuni ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyopata Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025. Haina neno hata moja, kwa hiyo wewe na mama mtakuwa sawa. Paka mweusi anakimbia mafuriko yanayopanda mpaka kwenye vilele vya milima, anaingia katika mashua, na humo anawakuta abiria wengine: kapibara, yule mnyama mkubwa wa Amerika ya Kusini wa jamii ya panya, lemuri wa Madagaska anayekusanya vitu vinavyong'aa kapuni na kujitazama kiooni, mbwa asiye na akili nyingi, na ndege karani, mwenye miguu mirefu, ambaye yupo hata katika mbuga zetu. Hakuna anayezungumza kama binadamu wala anayeimba. Paka ni paka, analia kama paka na anaogopa maji kama paka.

Imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo kijana yeyote anaweza kuipata bure, na wakati mwingine manyoya yanaonekana kama yamepakwa rangi kwa brashi pana. Wapo walioliona hilo kuwa kasoro. Mimi sikulijali baada ya dakika chache, kwa sababu wanyama wanatembea na kusita kama wanavyosita wanyama wa kweli. Niliitazama na wazee wawili wa nyumbani, na mjadala wa kama yule lemuri ni mchoyo au ni mwoga ulidumu kuliko filamu yenyewe, ambayo ni ya dakika 85 tu. Usimweleze mama kinachotokea. Ngoja akuulize, au akueleze yeye.

Binti yangu ana miaka minane na anataka kuitazama Supa Modo. Naogopa kwa sababu mtoto wa hadithini ni mgonjwa. Nimruhusu? (Msomaji, Nakuru)

Mruhusu, lakini kaa naye. Filamu hii ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, haifichi kwamba Jo hatapona. Inaonyesha jinsi dada yake na kijiji kizima wanavyoshirikiana kumfanya aamini kwamba ana nguvu za shujaa wa sinema, na sehemu kubwa ya muda mtoto atacheka. Atakayepata shida ni wewe, hasa kila mama yake Jo anapokuwa peke yake kwenye picha.

Niliwekewa Dahomey na mwanangu anayesoma chuo. Sanamu inazungumza gizani, watu wanapakia masanduku, nikasinzia. Nimekosa nini? (Msomaji, Lindi)

Kusinzia katika dakika za mwanzo si kosa kubwa, maana Mati Diop anaanza kwa makusudi ndani ya giza la sanduku. Filamu hii ya kumbukumbu ina dakika 68 tu na inafuata hazina 26 zilizoporwa na jeshi la Ufaransa katika ufalme wa Dahomey, uliokuwa katika Benin ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, zikirudishwa Benin kutoka Paris mwezi Novemba 2021. Sauti nzito uliyoisikia ni ya sanamu ya Mfalme Ghezo, inayolalamika kwa lugha ya Kifon kwamba imepewa namba 26 badala ya jina. Mimi pia sehemu hiyo iliniacha nje kidogo. Ushairi wake unajisikiliza mno.

Ulichokosa ni nusu ya pili, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi wanapokaa kubishana. Mmoja anaona fahari, mwingine anaona kurudishiwa vitu 26 kati ya maelfu ni tusi, mwingine anauliza kwa nini mjadala wenyewe wanaufanya kwa Kifaransa. Hakuna anayewakatiza na hakuna anayeshinda. Kwako wewe mtu wa Lindi ubishi huo haupaswi kuwa mgeni, kwa sababu mifupa ya mijusi wakubwa wa kale iliyochimbwa na Wajerumani Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913 imesimamishwa hadi leo katika makumbusho ya Berlin, na mmoja kati yao ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ni katika mji huohuo wa Berlin ambapo Dahomey ilipewa tuzo ya Dubu la Dhahabu mwezi Februari 2024. Mwombe mwanao airudishe kuanzia pale wanafunzi wanapoanza kuongea, na ikiwezekana awaite na wenzake wa chuo, kwa maana hiyo ni sehemu ambayo ukiitazama peke yako utaishia kuijibu skrini.