Ganzi ya Nyonga kwa Mtoto

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 atapasuliwa nyonga iliyotoka mahali pake tangu kuzaliwa, kisha atafungwa plasta. Daktari wa usingizi anasema kuwa, mbali na nusu kaputi, atamchoma ganzi ya mishipa ya fahamu. Je, ganzi hiyo ina haja gani ikiwa mtoto atakuwa amelala? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, nusu kaputi humlaza mtoto wakati wa upasuaji tu, ilhali maumivu ya mfupa uliokatwa na kupangwa upya humngoja pale anapoamka. Ganzi huyazuia maumivu hayo yasifike kwenye ubongo, na kwa sababu hiyo mtoto huhitaji morfini (dawa kali ya maumivu) kidogo zaidi, hivyo hatari ya kutapika, kuwashwa na kupumua polepole hupungua.

Nyonga hupata mishipa yake ya fahamu kutoka mbele na nyuma, kwa hiyo hakuna sindano moja inayofaa kila upasuaji. Sindano ya chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya makalio, hufikia pande zote mbili, lakini miguu yote huweza kulegea kwa muda na mkojo ukachelewa kutoka. Ile ya karibu na kinena hutuliza upande mmoja tu, ingawa sehemu ya nyuma ya nyonga huweza kubaki na maumivu. Usishtuke ukisikia kwamba mtoto huchomwa akiwa amelala. Ndivyo ilivyo salama zaidi, kwa kuwa mtoto anayejitupa huweza kuumizwa na sindano. Dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto: bupivakaini, aina ya dawa ya ganzi, kwa kawaida haizidi miligramu 2.5 kwa kila kilo.

Ninalokusihi ulizingatie zaidi ni saa ambazo ganzi inaisha. Sindano moja ya mgongoni hudumu takriban saa 4 hadi 6, na maumivu huweza kurudi ghafla usiku. Kwa hiyo parasetamoli ianze kutolewa kwa ratiba kabla ya hapo, bila kungoja kilio. Tena, kwa kuwa ganzi huweza kuficha dalili za plasta inayobana, angalia vidole vya mguu mara kwa mara: vikiwa baridi, vya buluu au vimevimba, au mtoto akilia kwa maumivu yanayozidi licha ya dawa, mwite muuguzi papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.