Maswali ya Wasomaji: Kitambaa cha Bandar na mfereji unaokiosha

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi vitambaa vya kalamkari kutoka wilaya ya Krishna, jimbo la Andhra Pradesh, pwani ya mashariki ya India, pale mto Krishna unapogawanyika na kufanya delta kabla ya kuingia Ghuba ya Bengal. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nafasi. Tumechagua hizi.

Nauza vitambaa Biashara Street. Naletewa "kalamkari" za bei tatu tofauti na kila mleta mzigo anaapa ni kazi ya mkono. Mwingine anasema yake ni ya Machilipatnam, mwingine ya Srikalahasti. Nitofautisheje? (Mfanyabiashara, katikati ya jiji la Nairobi)

Jina lenyewe halitakupa tabu: *kalam* ni kalamu hii hii yetu, na *kari* ni kazi, kwa Kiajemi. Tatizo ni kwamba jina moja limebeba kazi mbili. Ya Srikalahasti, mji wa kusini mwa jimbo hilo hilo, huchorwa kweli kwa kalamu: kijiti cha mwanzi kilichozungushiwa nyuzi karibu na ncha ili zishike wino. Michoro yake mara nyingi ni miungu na masimulizi ya hekaluni. Ya Machilipatnam, ambayo leo hufanyika zaidi katika mji mdogo wa Pedana ulio jirani, huchapwa kwa chapa za mbao za msaji. Machilipatnam ulikuwa mji wa bandari wa watawala Waislamu wa ufalme wa Golconda waliopenda sanaa ya Kiajemi, ndiyo maana utaona maua, majani yanayojikunja na mti wa uhai. Wenyeji bado wanauita mji wao Bandar. Mswahili hahitaji tafsiri hapo.

Sasa kagua mzigo. Tandaza mita mbili mwangani, utafute mahali chapa moja inapokutana na nyingine. Kwa kuwa mkono ndio unaoweka chapa, mistari itapishana kwa unywele, mahali fulani nyeusi imekolea, mahali pengine imefifia. Skrini, yaani uchapaji wa kupitisha rangi kwenye wavu, nayo huwa na kasoro, lakini kasoro ile ile hurudi kila baada ya urefu ule ule. Ukiona doa moja limejirudia mara nne kwa umbali sawa, hiyo ni skrini au mashine. Geuza upande wa nyuma: rangi iliyochemshwa na kitambaa huingia ndani ya nyuzi, ilhali rangi ya kubandika hukaa juu na kukifanya kitambaa kiwe kigumu kidogo kwenye vidole.

Kipimo tunachokiamini zaidi ni cha ndimu. Chomoa uzi wenye weusi pembeni, uloweke kwenye maji ya ndimu kwa robo saa. Weusi wa asili wa kalamkari ni chuma kilichoshikana na tanini, na asidi hukivunja: uzi utageuka kijivu au hudhurungi. Weusi wa kiwandani hautatikisika.

Jambo moja la haki, hata hivyo. Pedana kwenyewe kuna karakana nyingi za skrini, na nyekundu inayotumika sana siku hizi ni alizarini ya kiwandani, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka wa 1868. Aliyechapa kwa mbao na kuchemsha kwa alizarini hajakudanganya. Anayekudanganya ni yule anayekuuzia skrini kwa bei ya chapa. Jina "Machilipatnam Kalamkari" limesajiliwa India kama jina la asili ya mahali, na ni la kazi ya chapa za mbao. Mwambie mleta mzigo aandike kwenye risiti njia iliyotumika. Atakayekataa amekujibu.

Mimi ni fundi wa batiki. Nilipaka kitambaa harde (tunda kavu lenye tanini), nikachapa maji ya chuma kwa nyeusi na shabu kwa nyekundu, nikasuuza kwenye karai, nikachemsha na manjith (mizizi ya rangi nyekundu). Weusi umetambaa kama wino kwenye karatasi ya chooni, na sehemu nyeupe zote zimekuwa pinki. Nimekosea wapi? (Fundi, Kariokor)

Umekosea mahali pawili, na yote mawili yanarekebishika. Weusi umetambaa kwa kukosa maziwa. Pinki imetokana na karai.

Tuanze na kitambaa. Pamba ya dukani ina wanga na mafuta ya kiwandani. Iloweke usiku kucha, kisha uichemshe kwa sabuni hadi tone la maji litakapozama papo hapo badala ya kubingirika. Pedana walizoea hata kuloweka kwenye maji ya samadi na kuanika juani wakinyunyiza maji, ili kiwe cheupe bila kemikali.

Kwa mita moja ya pamba ya uzito wa kawaida, changanya gramu 50 za unga wa harde na nusu lita ya maji, uache saa kadhaa, uchuje, kisha utie nusu lita ya maziwa mazima. Kule hutumia maziwa ya nyati, ambayo yana mafuta karibu maradufu ya haya yetu ya ng'ombe, kwa hiyo ongeza vijiko vichache vya malai. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hayafai kabisa. Harde hukipa kitambaa tanini ya kushika chuma, na mafuta ya maziwa huzuia wino usikimbie kwenye nyuzi. Loweka kwa dakika 15, ukigeuzageuza, ukamue sawasawa kutoka ncha hadi ncha, uanike juani kikiwa kimenyooka. Mkamuo usio sawa hutoa mawingu ya manjano utakayoyaona hadi mwisho. Kichape ndani ya siku mbili tatu, kabla maziwa hayajaanza kunuka.

Wino mweusi ni vyuma vyenye kutu na sukari guru. Chukua kilo moja ya misumari au vipande vya chuma kutoka Gikomba, robo kilo ya sukari guru na lita 5 za maji, kwenye ndoo ya plastiki au chungu. Usitumie chuma kilichopakwa zinki, kama vipande vya mabati; zinki haitoi weusi. Funika bila kubana, maana hutoa hewa. Pwani ya Andhra wiki mbili zinatosha. Kwa baridi ya Nairobi ya Julai, subiri wiki tatu au zaidi. Umeiva povu likitulia, harufu ikiwa kali kama ya siki, na tone lake likigeuka jeusi mara tu linapogusa kitambaa cha harde. Chuja, kisha uzito wake uutengeneze kwa gundi ya mgunga hadi uwe kama uji mwepesi unaoshuka kijikoni kwa uzi mmoja. Wino mwepesi hutambaa hata juu ya maziwa.

Wino wa nyekundu si mwekundu. Ni shabu, gramu 100 kwenye lita moja ya maji ya moto, na gundi ile ile. Kwa kuwa hauonekani, tia rangi kidogo ya chakula ili uone unapochapa, itaoshwa. Chapa yenyewe iwe imelowekwa mafuta na kukauka vizuri, na meza iwe na tabaka kadhaa za gunia au blanketi chini ya shuka. Meza ngumu huacha katikati ya chapa bila rangi. Mistari myeusi kwanza, halafu chapa ya kujazia shabu. Ukimaliza, kitundike siku mbili tatu kabla ya maji. Shabu inahitaji muda huo kushikana na pamba.

Sasa karai. Ukisuuza kwenye maji yaliyotulia, shabu na chuma vilivyozidi hutoka kwenye ua na kukaa kwenye uwanda, yaani sehemu nyeupe za kitambaa. Huvioni. Unapokuja kuchemsha, manjith hushika kila mahali penye shabu, na uwanda wako mzima unakuwa pinki. Hapa ndipo utaelewa kwa nini kazi hii ilikita mizizi kwenye delta. Pedana, watu husimama ndani ya mfereji wa umwagiliaji, maji yakifika mapajani, wakishika kitambaa upande mmoja na kukiacha kielee na mkondo. Maji yanayotembea huchukua kilichozidi na kuondoka nacho kabla hakijagusa kitambaa tena. Mfereji wao si huu wetu wa kufungua na kufunga ukutani, lakini huu wetu unaweza kusaidia: laza kibao au bati safi kwa mteremko, tandaza kitambaa kikiangalia juu, mimina maji ya mpira kuanzia juu bila kukatiza kwa dakika 15 hadi 20. Usikirundike hata mara moja. Mto Nairobi usiufikirie, uchafu wake utaharibu kazi.

Kuchemsha: gramu 75 za manjith kwa mita hiyo, kwenye sufuria kubwa ya alumini au stili. Wao hupenda shaba. Chuma marufuku, kitazima wekundu uwe hudhurungi. Pandisha moto polepole kwa saa moja, ukigeuza kitambaa muda wote, ukishikilie kwenye joto la kutokota kwa dakika 45. Ukitumia alizarini inayohitaji kuchemka sana, ongeza muda: Pedana iko usawa wa bahari, na Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi karibu 94. Mwisho suuza, kisha utandaze kwenye nyasi juani ukinyunyizia maji kila yanapokauka, siku mbili au tatu. Jua litakula ile rangi ya maziwa iliyobaki kwenye uwanda, na ua litabaki.

Watu wa wilaya hiyo wanaishi kwa nini hasa? Je, delta yenyewe ndiyo iliyoleta ufundi? (Mwanafunzi, Kasarani)

Wengi wanaishi kwa mpunga. Baada ya njaa kuu ya Guntur ya 1832 na 1833, serikali ya kikoloni ilijenga ukuta wa kuinua maji Vijayawada, ukakamilika 1855, na mifereji ikasambaa pande zote mbili za mto. Prakasam Barrage ilichukua nafasi yake mwaka wa 1957. Mpunga ukivunwa, wakulima hupanda urad, ile dengu ndogo nyeusi, kwenye unyevu uliobaki ardhini bila kumwagilia tena. Karibu na bahari mashamba mengi yamegeuzwa mabwawa ya samaki na kamba.

Ufundi ulikuja kabla ya mifereji hiyo, kwa njia ya bandari. Waingereza walifungua kituo cha biashara Machilipatnam mwaka wa 1611, Waholanzi wakiwa wameshawatangulia, na vitambaa vikaenda Uajemi, visiwa vya kusini mashariki mwa Asia na Ulaya. Vilipendwa mno hata Ufaransa ikavipiga marufuku kuanzia 1686 hadi 1759 kulinda viwanda vyake. Lakini mto unaojenga delta hujaza matope pia, na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Bahari nayo haikuwahurumia: kimbunga cha Novemba 1864 kiliua watu wapatao 30,000 katika mji na viunga vyake, na cha Novemba 1977 kilifagia Diviseema, kisiwa kilicho katikati ya matawi ya mto.

Leo shida ya mchapaji ni kalenda ya maji. Mabwawa kama Nagarjuna Sagar na Almatti yako juu ya mto, na mifereji ya chini hupewa maji kwa ratiba ya mpunga. Miezi ya joto kali kabla ya monsuni mfereji huwa mkavu au umefungwa, wakati jua ndilo zuri zaidi. Mvua zikija, maji yapo na jua halipo. Mwagizaji wa Nairobi anayetaka mzigo wa Juni hana budi kulijua hili: huenda akaletewa skrini kwa sababu tu ya msimu.

Ukisoma ramani, kumbuka kwamba Aprili 2022 wilaya iligawanywa. Vijayawada sasa iko wilaya ya NTR, na makao makuu ya Krishna yamebaki Machilipatnam. Kijiji cha Kuchipudi, kilichoipa jina ngoma maarufu ya India, kimo ndani ya Krishna.

Shuka langu la kalamkari lilikuwa jekundu, baada ya kufuliwa mara tatu linaelekea zambarau. Dobi anasema nilisuuze kwa siki. (Mama, South C)

Mama, usikubali siki. Inaweza kurudisha wekundu kidogo, lakini itakula mistari myeusi. Kilichogeuza rangi ni magadi yaliyo kwenye sabuni ya unga. Alizarini huelekea zambarau ikikutana nayo. Tumia sabuni laini ya maji, maji baridi, bila kuloweka, na uanike kivulini. Klorini isiguse. Chumvi ambayo wengi hushauri haishikishi rangi hii. Haidhuru, ila unaipoteza bure.

Kuna bangili za "dhahabu ya Bandar". Ni dhahabu? (Msomaji, Parklands)

Ni shaba au madini mengine yaliyofunikwa kwa dhahabu nyembamba sana, kazi ya Chilakalapudi, kitongoji cha Machilipatnam. Ni ufundi halali, mradi uuzwe kwa jina lake. Jasho, manukato na sabuni huila. Zivae baada ya kujipaka, zifute kwa pamba kavu kabla ya kuzihifadhi, kila moja kwenye mfuko wake.

Na ladu ya Bandar, inatofautianaje na hizi za hapa? (Mpishi, Ngara)

Kwa kutwangwa. Unga wa dengu hukandwa, ukakamuliwa kuwa nyuzi na kukaangwa kwenye samli, kisha nyuzi hutwangwa na kuchekechwa hadi ziwe laini. Hapo hutiwa shira ya sukari guru na kutwangwa tena pamoja na samli na iliki, ndipo hufinyangwa. Shira ndiyo huwashinda wengi: dondosha tone kwenye maji baridi, likifanya kipira laini kinachobonyea, epua mara moja. Ukilichelewesha, ladu itakuwa jiwe.